Laini ya Tanga, kifurushi cha Chennai

Mkazi wa Tanga hana haja ya kupanda ndege ili ajue simu inavyobadilika ikivuka mpaka. Kutoka stendi ya Kange mpaka Horohoro hata saa mbili hazifiki, na kabla basi halijasimama mbele ya jengo la uhamiaji simu za abiria huanza kulia moja baada ya nyingine: ujumbe wa kukaribishwa Kenya, ujumbe wa bei za kupiga na kupokea, na kwa wasio na bahati, ujumbe wa kuwaarifu kuwa salio lao limekwisha. Minara haisomi ramani. Simu ikipotewa na mnara wa nyumbani hushika wowote ulio karibu, na pale mpakani ulio karibu mara nyingi ni wa jirani. Mwaka niliokwenda Mombasa kwenye harusi ya binamu yangu nilipoteza shilingi 9,000 na ushee nikiwa bado nimekaa ndani ya basi, upande wa Tanzania, nikitazama picha za mapambo ya ukumbi huku nikiamini kwamba natumia kifurushi nilichojiunga nacho asubuhi. Kitufe cha data ya romingi, yaani ya kutumia mnara wa nchi nyingine, kilikuwa kimewashwa tangu simu ilipotoka dukani, nami sikuwahi hata siku moja kuufungua ukurasa huo wa mipangilio.

Kifurushi tunachojiunga nacho kila siku kinahusu minara ya kampuni yako tu, tena ndani ya nchi. Ukishika mnara wa kampuni ya nchi nyingine, kampuni yako hudaiwa na ile ya ugenini kwa kila dakika na kila megabaiti, nayo hukudai wewe kwa bei iliyojipangia. Fedha hiyo hukatwa kwenye salio la kawaida, lile la vocha, na kifurushi hubaki kizima kikikutazama. Jambo jingine ambalo wengi hatulijui ni kwamba, katika mpango wa kawaida wa romingi, data haitoki kwenye mnara wa ugenini ikaenda moja kwa moja inakotakiwa. Hurudishwa kwanza nyumbani, ikapita kwenye mitambo ya kampuni yako, ndipo ikatoka kwenda duniani. Mtu aliyeko Mombasa na laini ya Tanzania akifungua gazeti la Mombasa, ombi lake hurudi Tanzania kwanza. Akiwa India, kila anachokibonyeza huvuka Bahari ya Hindi kwenda na kurudi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kurasa kufunguka kwa kusuasua hata pale alama ya mnara inapoonyesha kuwa imejaa.

Serikali zimejaribu kulipunguza hilo, kila eneo kwa kadiri yake. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2014 mpango wa mtandao mmoja wa Afrika Mashariki, uliofuta gharama ya kupokea simu baina yao na kuweka ukomo wa bei ya kupiga. Tanzania haikuwemo katika kuanza huko, na mtu wa Horohoro akabaki akihesabu senti zake wakati wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, anazungumza kwa nafasi. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 15 Juni 2017 laini iliyonunuliwa Ujerumani hutumika Ufaransa au Hispania kwa bei ya nyumbani, ilimradi ni matumizi ya msafiri na si ya mtu aliyehamia. Mtanzania anayezunguka nchi hizo hana sababu ya kununua laini kila mpaka, ila akumbuke kwamba Uingereza na Uswisi hazimo ndani ya umoja huo.

Safari iliyonifundisha, hata hivyo, haikuwa ya Ulaya wala ya harusi. Mwishoni mwa Aprili 2024 nilimsindikiza mama yangu Chennai, India, kwa upasuaji wa goti. Ndugu walituuliza kuhusu pasi, viza, fedha, na iwapo mama ataweza kula vyakula vyao vyenye pilipili. Kuhusu simu hakuna aliyeuliza, isipokuwa kijana mmoja wa duka la simu Ngamiani niliyempelekea simu ya mama aibadilishe kioo. "Mama anaondoka na laini gani?" aliniuliza bila kuinua macho. Nikamjibu kwamba tutanunua ya kule kule, ni rahisi. Akasema, "Ya kule nunueni, lakini hii msije mkaitoa. Nendeni mkaiunganishe na romingi kabla hamjaondoka, na muiwekee salio la kawaida." Nilimwona anajitafutia biashara ya vocha. Nilifanya alivyosema kwa sababu ya mama, ambaye hupenda kutii maelekezo ya mafundi kuliko ya watoto wake.

Ukitafakari, namba ya Tanzania si namba ya kupigiwa tu. Imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Ndiyo yenye fedha za simu. Ndiyo benki inayoitumia kukutumia tarakimu za uthibitisho kila unapotaka kulipa. Na ndiyo WhatsApp iliyofunguliwa kwayo. Ukiipoteza ukiwa Tanga, unakwenda kwa wakala, unaweka kidole, unapewa kadi nyingine. Ukiipoteza ukiwa Chennai, kidole unacho lakini wakala huna. Data, kwa upande wake, ni kama maji: yanauzwa kila mji, na ya mji husika ndiyo ya bei nafuu. Tangu safari ile mimi huyatenganisha mambo haya mawili kabisa, data nikainunua ninakokwenda na namba nikaondoka nayo nyumbani.

Kwa simu yangu mwenyewe nilijaribu laini isiyo na kadi, ile inayoitwa eSIM, ambayo hupakuliwa kwa intaneti na kukaa ndani ya simu kama programu. Si kila simu inaikubali. Njia nyepesi ya kujua ni kubonyeza *#06#: pamoja na namba za IMEI zinazoitambulisha simu, simu yenye uwezo huo kwa kawaida huonyesha pia namba ndefu yenye herufi EID mbele yake. Nilinunua kwa kadi ya benki, nikaletewa kwa barua pepe mchoro wa mraba wenye vidoti vyeusi ambao kamera ya simu inatakiwa iusome. Hapo nikagundua ujinga wangu. Mchoro ulikuwa kwenye simu ile ile yenye kamera, na kamera haiwezi kujitazama usoni. Ilibidi niende steshenari ya mtaa wa pili, yule dada akanichapishia kwa shilingi 500 kwenye karatasi nyeupe, akaniuliza kama ni tiketi ya mpira wa Mkwakwani. Nikaiweka karatasi kaunta, nikaielekezea kamera, na katika dakika moja simu ikaniambia kwamba nina laini ya pili. Niliifanya kazi hiyo nyumbani makusudi, kwa sababu kuipakua kunahitaji intaneti, na mtu anayeshuka uwanja wa ndege wa kigeni ndiye hasa asiyekuwa nayo. Pia nilijionya nisiifute kwa kuchezea mipangilio, kwani mchoro ukishatumika aghalabu haukubali mara ya pili.

Tuliposhuka Chennai ilifanya kazi vizuri kabla mabegi hayajatoka. Niliwaandikia nyumbani kwamba tumefika salama, nikaitafuta hospitali kwenye ramani, nikajisifu kimoyomoyo. Sifa hizo zilidumu mpaka hotelini. Eneo la mapokezi lilikuwa na waifai ya bure, lakini ili uingie ilitaka kukutumia tarakimu kwenye namba ya India. Hospitali nayo ilitaka namba ya India ya kutupigia matokeo ya vipimo yakiwa tayari, na dereva wa bajaji aliyeitwa kwa programu alitaka kupiga ili aulize tumesimama mlango gani. Laini yangu mpya ilikuwa ya data tu; haikuwa na namba ya mtu kukupigia. Wanaouza laini hizi hulisema jambo hilo kwa maandishi madogo, nami ni mtu ninayesoma maandishi makubwa.

Hivyo tukanunua laini ya kawaida kwenye kiduka kilichotazamana na lango la hospitali. Walitaka nakala ya pasi, nakala ya viza na picha, na laini iliwaka siku ya pili yake jioni. Kwa karibu rupia 300 tulipata kifurushi cha siku 28, chenye mgawo wa data kila siku pamoja na kupiga simu ndani ya India bila kuhesabiwa. Mgawo wa siku ukiisha, kasi hushushwa mpaka usiku wa manane unapoanza mgawo mpya. Kwa hiyo ukitaka kumwonyesha mtu video ya mgonjwa, mwonyeshe mchana, usingoje umalize kuangalia mambo yako.

Kosa kubwa lilitokea pale pale kidukani, nami nililitazama likitokea. Simu ya mama haina eSIM. Ina kitoroli cha nafasi mbili, lakini nafasi ya pili ni ya kugombaniwa: ama laini, ama kadi ya kumbukumbu. Kadi yake ya kumbukumbu ina kaswida na mawaidha ya miaka mingi pamoja na picha za wajukuu wote. Muuzaji alichomoa kitoroli kwa kipini, akatazama, akaitoa laini ya Tanga, akaweka ya India, akarudisha. Ilikuwa kazi ya sekunde tano. Mama akafurahi kwamba kaswida zake ziko salama. Mimi nikaizungushia laini ya Tanga kipande cha risiti, nikaitia kwenye pochi ya mama, mfuko wa ndani, nikasahau maneno ya kijana wa Ngamiani.

Siku tatu baadaye hospitali ilitutumia kiungo cha kulipia fedha za awali kwa kadi ya benki ya mama. Tuliketi mbele ya dirisha la mhasibu, foleni nyuma yetu, feni ikizungusha joto la Mei la Chennai ambalo hata sisi wa pwani lilitunyamazisha. Nikaingiza namba za kadi. Skrini ikasema tarakimu za uthibitisho zimetumwa kwenye namba inayoishia na zile mbili ninazozijua tangu nikiwa mtoto, na chini yake saa ndogo ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Mama akaufungua mkoba. Akatoa tasbihi, kitambaa, mafuta ya karafuu, bahasha ya picha za eksirei ambayo haikupaswa kuwemo humo, ndipo pochi. Risiti ilikuwepo, laini ilikuwa imechomoka ndani yake na kuzama kwenye mshono wa chini pamoja na sarafu. Kipini hatukuwa nacho. Mhasibu, mama wa makamo mwenye jasmini kwenye nywele, alikivua kishikizo cha karatasi kwenye faili lake, akakinyoosha, akanipa bila neno.

Laini iliporudi mahali pake simu ilichukua muda mrefu kutafuta mnara, kwa sababu laini ngeni huulizwa kwao kwanza kama ni mteja mwema. Saa ya kwenye skrini ikaisha. Nikaomba tarakimu nyingine, zikaisha nazo, nikaomba tena. Kisha ujumbe wote ukaingia kwa mpigo, mitatu, na ikawa hatujui upi ni wa sasa. Tukajaribu wa juu, ukakataliwa, tukajaribu wa chini, ukakubaliwa. Laiti laini ile isingeunganishwa na romingi tukiwa bado Tanga, hata kishikizo cha mhasibu kisingetusaidia. Jioni hiyo nilizihamishia picha na kaswida kwenye simu yangu, nikaitoa kadi ya kumbukumbu, na laini zote mbili zikakaa pamoja: ya India ikapewa kazi ya data, ya Tanga ikaachwa macho kwa ujumbe tu, data yake ikiwa imezimwa. Mipangilio ya simu huruhusu mgawanyo huo, na ni kazi ya dakika mbili. WhatsApp iliuliza kama tunataka kubadilisha namba kwa kuwa imeona laini mpya. Tulikataa, na iliendelea na namba ya zamani kama kawaida.

Tatizo lililofuata lililetwa na upendo. Katika romingi anayepokea simu naye hulipa, na kwetu mtu hapigi simu akaanza na jambo. Shangazi alipiga kutoka Chumbageni saa nne usiku, ambayo kwa Chennai ni saa sita na nusu, kwani wao wametutangulia kwa saa mbili na nusu. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo: mama akaitikia marahaba, akasema hajambo, akasema na watoto hawajambo, akauliza hali ya kwake, akauliza mvua, akajibiwa mvua, akauliza bei ya samaki Deep Sea, na walipofika kwenye goti lenyewe simu ikakatika. Salio la shilingi 10,000 lilikuwa limekwenda kwenye salamu. Mama hakukasirika, alisema walau ameulizwa hali vizuri. Kesho yake nilifunga upokeaji wa simu kwa laini ile tukiwa nje ya nchi, kipengele kilichomo kwenye mipangilio ya kuzuia simu, nikawaandikia jamaa wote wapige kwa WhatsApp. Ujumbe mfupi niliuacha wazi, kwani kwa laini yetu kuupokea kulikuwa bure.

Ujumbe huo mfupi ndio uliotusitiri Jumapili ya tarehe 12 Mei. Mama alikuwa ameshatoka kwenye upasuaji, na sisi Chennai tulikuwa na intaneti ya kutosha, lakini Tanga wakanyamaza. Alama moja ya tiki kwenye kila ujumbe wangu, hakuna ya pili. Nilidhani ni simu yangu, nikaizima na kuiwasha, nikamlaumu muuzaji wa kiduka kwa saa nzima. Kumbe mikongo miwili ya intaneti ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Mtu hujiandaa kwa upande wake wa kamba tu. Ndipo simu ya mama ikalia kwa mlio wa zamani, ujumbe wa kawaida kutoka kwa dada yangu: "Mtandao hamna huku. Mama anaendeleaje?" Nikamjibu kwa laini ile ile ya Tanga, kwa salio la kawaida, maneno machache kama telegramu. Tuliwasiliana hivyo mpaka mambo yakakaa sawa, na yule kijana wa Ngamiani niliyemdhania anatafuta mauzo ya vocha nilimtumia salamu kupitia dada.

Kurudi tulipitia Dubai. Waifai ya uwanja ni ya bure na ya kasi, mama akataka kumwambia shangazi kwa sauti yake mwenyewe kwamba yuko njiani. Ujumbe ulikwenda, picha ilikwenda, lakini alipopiga, sauti haikupita. Falme za Kiarabu huzizuia simu za WhatsApp, na msafiri asiyejua anaweza kuharibu saa nzima akidhani simu yake imekufa. China huzuia zaidi: WhatsApp na huduma za Google hazifunguki kwenye mtandao wa kawaida wa huko, ingawa laini ya ugenini iliyo kwenye romingi huweza kuzifungua kwa sababu ile ile niliyoitaja mwanzo, kwamba data yake hurudi kwanza nyumbani kwake. Ule mzunguko unaoudhi huwa na faida yake mahali pengine. Anayekwenda Guangzhou kuchukua bidhaa na ayapange hayo kabla ya kuondoka, kwa kuwa akifika, hata maelekezo ya kujipanga hatayapata.

Yaliyobaki ni madogo. Ramani ya mji hupakuliwa nyumbani, ikafanya kazi hata bila data. Nakala za picha zinazojipandisha zenyewe usiku huzimwa, la sivyo mgawo wa siku huisha mmelala. Simu moja yenye data inatosha familia nzima kwa kugawiana hotspoti, ila chaja iwe karibu.

Mama anatakiwa kurudi Chennai kwa uchunguzi. Kipini cha laini amekifunga kwenye pindo la kanga, pamoja na funguo za kabati, na kadi ya kumbukumbu tumeshakubaliana itabaki Tanga. Shangazi naye amebadilika. Juzi alipiga kutoka Chumbageni mama akiwa uani kwetu anachambua kisamvu, na kabla ya salamu yoyote aliuliza, "Uko nchini?" Mama alipomwambia yuko nchini, ndipo akamwamkia na kuketi vizuri.